Mjadala: Akili ikitulia, ndiyo mtu amepata mwangaza?

Mdau wa Area C: Wana Dodoma, kuna wanaofundisha kwamba mawazo yakikatika umeshapata mwangaza, yaani umeamka kiroho. Napinga. Kwa masimulizi ya Wabuddha, Siddhartha Gautama, yaani Buddha mwenyewe, alijifunza utulivu wa kina kwa walimu wawili, Alara Kalama na Uddaka Ramaputta, akaufikia, kisha akawaacha. Utulivu ule haukung'oa tamaa. Mwangaza aliupata baadaye, Bodh Gaya huko India, alipoona mateso yanavyozaliwa na tamaa.

Mdau wa Nkuhungu: Sawa ndugu, ila akili inayorukaruka itaona nini? Anza na mwili. Kalia mto mgumu wa kama sentimita 10 hadi 15, magoti yashuke chini ya nyonga, mgongo usimame wenyewe. Hesabu kila unapotoa pumzi, moja hadi kumi. Ukipotea, rudi moja. Dakika 10 alfajiri zinatosha, kabla upepo wa Julai haujaanza kugonga mabati. Usingizi ukija, fumbua macho nusu, tazama sakafu hatua moja mbele. Na usivute pumzi kwa nguvu! Kaboni dayoksaidi ikipungua mno kwenye damu, vidole vinakufa ganzi na kichwa kinazunguka, halafu mtu anadhani ameangaziwa.

Mdau wa Majengo: Ndugu zangu, nyote mnaongea kana kwamba mtu hujiwashia taa mwenyewe. Imam Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyeacha kufundisha Baghdad mwaka 1095, alieleza kwamba uhakika ulimrudia kwa nuru aliyoitia Mungu kifuani mwake, wala si kwa kupanga hoja. Dhikri, yaani kumtaja Mungu mara kwa mara, husafisha moyo. Kinachoingia humo si kazi ya akili.

Mdau wa Area C: Shehe, hapo tunatofautiana kwenye chanzo, nami sitalazimisha. Ila kuona kunafanyika akilini. Chukua hasira: taya linakaza, kifua kinabana, sentensi ileile inajirudia. Itazame bila kuifukuza wala kuijibu. Ukishaona inakuja na kuondoka bila amri yako, huwezi tena kuiita "mimi" kirahisi. Kazi inaanzia hapo, na kuhesabu pumzi peke yake hakukufikishi.

Mdau wa Nkuhungu: Nakubali. Naongeza tahadhari moja: anayesikia sauti au aliyekosa usingizi siku kadhaa asiongezewe muda wa kukaa. Aache zoezi, aende Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma, aonane na daktari. Mwalimu anayemwambia avumilie kwa kuwa "anakaribia kuamka" anamhatarisha.

Mdau wa Majengo: Kwa hilo la Mirembe niko nanyi. La chanzo bado napinga.