Naomba ushauri: pesa niiweke kwenye CPU au GPU?

Mwanzisha uzi: Wakuu, habari za muda huu. Nafundisha modeli ya kutambua magonjwa ya mimea kwa picha za majani. Mashine yangu ina prosesa (CPU) ya kori 4 na GPU (kadi ya michoro) yenye VRAM (kumbukumbu ya kadi yenyewe) ya GB 8. Bajeti inaruhusu kubadilisha kimoja tu. Naambiwa siku hizi CPU haina kazi, kila kitu ni GPU. Kuna ukweli hapo?

FundiBodi: Hapana mkuu. CPU kugawia wengine kazi si jambo jipya. Mwaka 1980 Intel walitoa 8087, chipu ya pembeni ya hesabu za desimali. 1989 ikaingizwa ndani ya prosesa ya 486. Katikati ya miaka ya 2000 kasi ya prosesa ikagota kwa sababu ya joto. Mwaka 2012 AlexNet, modeli ya kutambua picha, ikafundishwa kwa kadi mbili za GTX 580 za GB 3 kila moja, na tangu hapo hesabu nzito zikahamia huko. Ila anayeilisha GPU bado ni CPU.

Kori_Nane: Usinunue chochote kwanza. Washa mafunzo, fungua nvidia-smi (programu inayoonyesha GPU inavyofanya kazi), uangalie asilimia ya GPU. Picha zako zina ukubwa gani?

Mwanzisha uzi: GPU inaruka kati ya 0 na 90, haitulii. Kori zote 4 ziko 100. Picha ni za kamera, 4000 kwa 3000.

Kori_Nane: Basi kadi yako inakaa inasubiri! Modeli inataka pikseli 224 kwa 224, lakini kila mzunguko CPU inafungua JPEG ya pikseli milioni 12, inaipunguza, ndipo inaikabidhi. Zipunguze zote mara moja hadi pikseli 256, uzihifadhi kwenye SSD.

Mama_Data: Naunga mkono, ila nasisitiza VRAM. Modeli ikikosa nafasi kwenye GB 8, hata kori 64 hazikuokoi. RAM ya kawaida ya kompyuta, DDR4-3200 ya chaneli mbili, hupitisha GB 51.2 kwa sekunde; VRAM ya kadi ya RTX 3060 ya GB 12 hupitisha 360. Ndiyo maana ukiimwagia RAM kazi ya kadi, kila kitu kinajikongoja.

Mwanzisha uzi: Nimezipunguza. GPU haishuki chini ya 85, na kori zinapumua. Asanteni sana. Pesa itaenda kwenye kadi ya GB 12; naangalia kama pawasupplai yangu itaibeba.