MREJESHO: Kupiga picha kwenye mvua

Wakuu, ni mimi niliyeuliza namna ya kupiga picha mvua ikinyesha bila kuua kamera, na kwa nini lenzi hushika ukungu nikirudi ndani. Jana nimejaribu.

Mfuko wa nailoni uliotobolewa tundu la lenzi na kubanwa kwa mpira umefanya kazi, ingawa vitufe nilikuwa navipapasa kama kipofu. Kilichoniokoa zaidi ni ile kofia ya plastiki inayochomoza mbele ya lenzi. Bila hiyo ningeshinda nafuta matone tu.

Aliyesema nielekee upande mwanga unakotoka, nyuma ya mvua, asante sana. Kwa kasi ya shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) ya 1/500 ya sekunde, matone yalisimama hewani kama shanga. Nikapunguza kasi hadi 1/60, yakawa nyuzi ndefu. Nyuzi nimezipenda zaidi, sijui nyie.

Ukungu nao umeisha: niliifunga kamera kwenye mfuko kabla ya kuingia ndani, nikaiacha saa nzima izoee joto. Umande ukashika mfuko badala ya kioo.

Viatu ndiyo bado vimelowa.