GG ya Rotary imepitishwa, ila alama za vidole za mweka hazina hazisomeki

Mwana wa Mwandiga, Winnipeg

Mwidiwe ndugu zangu wa mwisho wa reli. Wazee, shikamooni.

Nimeamkia ujumbe kutoka nyumbani, hata chai haijapita. GG yetu (Global Grant, ile ruzuku ya Mfuko wa Rotary) ya maji ya shule ya msingi kule Kasulu imepitishwa, bajeti dola 30,000 na ushee. Klabu yangu ya Rotary ya huku ndiyo mshirika wa nje, klabu ya Kigoma ndiyo mwenyeji. Kilichobaki ni akaunti tu. Masharti mnayajua: kila GG na akaunti yake, watia saini wasiopungua wawili, wote wanaklabu.

Mwenyekiti wa kamati kapita bila shida. Aliyekwama ni mweka hazina wetu. Namba ya NIDA anayo, kadi anayo, muhtasari wa kikao anao. Karani wa benki kamwambia aweke kidole gumba, taa ikawaka nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Karani kafuta kioo kwa leso, kamtuma akanawe kwa sabuni, akarudia. Vidole vyote kumi vimekataa. Mama huyu anaanika dagaa pale Kibirizi tangu usichana wake. Chumvi na mchanga vimemla vidole, ngozi inang'aa kama jiwe la kusagia. Ameshakwenda mara tatu, na mara zote anaambiwa arudi siku nyingine.

Ninachouliza: kuna aliyefungua akaunti ya klabu pale ambapo alama za vidole zimegoma? Ni fomu gani, na anaisaini nani?

Dada wa Kasulu, Leicester

Pole sana kaka. Umenikumbusha mama yangu mwaka 2020, ule wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole. Mama ni mtu wa muhogo: kuumenya, kuuloweka, kuutwanga. Mashine ilimkataa mpaka kijana wa kusajili akaona aibu kumwangalia usoni. Tukasajili laini kwa jina la mdogo wangu, na hadi leo mama akitumiwa pesa jina linalotokea ni la mtoto wake. Inaniuma kila ninapotuma.

Halafu niulize, DDF, zile fedha za miradi za wilaya ya Rotary, mlipata wapi? Sisi tumechanga taslimu kwa ajili ya zahanati, tukitegemea kuongezewa nusu.

Mzee wa Ujiji, Hamburg

Mwanangu wa Leicester, hiyo nusu haipo. Tangu Julai 2018 Mfuko wa Rotary hauongezei chochote kwenye taslimu. Kinachoongezewa ni DDF, na tangu Julai 2021 ni asilimia 80, siyo mia kwa mia kama zamani. Tena taslimu mkiipitisha kwenye Mfuko mnalipia asilimia 5 juu yake. Yote yameandikwa. Msichangishe watu kabla ya kusoma.

Na wewe wa Winnipeg, RUWASA, wale wa maji vijijini, wanajua? Kibali cha kuchimba mmeomba ofisi ya bonde la maji? Nimeona kisima kilichochimbwa kwa sadaka za watu wa huku, mpira wa pampu ukaisha, hakuna wa kununua mwingine. Miaka miwili baadaye watoto walikuwa wanafungia mbuzi kwenye ule mpini.

Mwana wa Mwandiga, Winnipeg

Mzee wangu, nakuheshimu. Kibali cha Bonde la Ziwa Tanganyika tunacho. CBWSO, chombo cha wananchi cha huduma ya maji, ndiyo itakayosimamia kisima, na wajumbe wake walikaa nasi tangu siku ya tathmini ya mahitaji. MOU, hati ya makubaliano, imesainiwa. Kilichotukwamisha ni vidole.

Kijana wa Buhigwe, Oslo

Si mbadilishe tu mtia saini? Wekeni mwalimu au mtu wa ofisini, mambo yaishe.

Ila wakubwa, tuseme ukweli. Sisi watu wa Kigoma kila dirisha tunapimwa mara mbili. Nilipokuwa nafuatilia cheti changu niliulizwa babu yangu kazikwa wapi, kisa nimesema natoka Buhigwe na lafudhi yangu ni ya Kiha. Mwenzangu wa Moshi aliyekuwa nyuma yangu hakuulizwa hata jina la baba. Mpaka wa Burundi uliwekwa na wakoloni, babu zetu waliukuta mashambani mwao.

Dada wa Kasulu, Leicester

Mdogo wangu, kuhusu mpaka nakuunga mkono kwa moyo wote. Kuhusu kumbadilisha mama, hapana! Wanaokausha dagaa ndio wanaojua kuhesabu. Mtu anayekumbuka nani alikopa ndoo ngapi mwezi wa mbalamwezi uliopita ndiye ninayetaka ashike risiti za watoto wa Kasulu. Tukimtoa kwa sababu ya vidole, tumemwadhibu kwa kufanya kazi.

Mzee wa Ujiji, Hamburg

Hapo mwanangu umesema neno. Marehemu mama yangu naye alikuwa wa dagaa. Alfajiri mitumbwi inarudi na taa zake, sisi watoto tunakimbilia maji yakiwa bado ya baridi, na akinishika shavu naisikia ile mikono yake ilivyo mikavu. Huku napata mawese ya dukani kwa Wakongo, lakini ukiyachemsha harufu haifiki ile ya Ujiji. Mgebuka wa kukaanga sijaugusa tangu 2016.

Wanasema SGR ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, mkataba ulisainiwa Desemba 2022. Reli ya Mjerumani ilifika kwetu 1914. Mungu anipe uzima niipande hii mpya nikazuru kaburi lake.

Kijana wa Buhigwe, Oslo

Amina mzee. Kuhusu mama nimekosea, nisameheni. Mwenye njia ya kupata mawese ya Kigoma huku Ulaya aniandikie.

Mwana wa Mwandiga, Winnipeg

Ahsanteni wote. Hatumbadilishi, kamati imekubaliana hivyo usiku huu. Jumatatu saa tatu asubuhi anarudi benki mara ya nne, na safari hii mwenyekiti atamsindikiza. Mwenye jina la ile fomu naomba aandike kabla ya hapo.