Je, mantiki inamlazimisha mtu kumwamini Mungu, au kutomwamini?

Mjadala huu kila ukizuka huishia pale pale. Mmoja anasema kila kitu kina aliyekitengeneza, kwa hiyo ulimwengu nao una Muumba. Mwingine anamrudishia: basi na Mungu kaumbwa na nani? Baada ya hapo ni kejeli upande mmoja na laana upande wa pili, na hoja yenyewe haijaguswa.

Niseme msimamo wangu mapema. Mimi naamini Mungu yupo, na nakiri kwamba mantiki peke yake haijanithibitishia hilo. Nasema vilevile haijamthibitishia asiyeamini. Anayedai imeshamaliza kazi, awe upande wowote, atuonyeshe ni sentensi ipi katika hoja yake ambayo mwenzake hawezi kuikataa bila kujipinga mwenyewe.

Mantiki inakagua mfuatano. Ukisema samaki wote wana manyoya, changu ni samaki, basi changu ana manyoya, mfuatano wako hauna dosari hata kidogo. Uongo umo kwenye sentensi ya kwanza, na kuujua huo uongo ilibidi mtu awe ameshamwona changu. Ndiyo maana ugomvi wa kweli kuhusu Mungu uko kwenye sentensi za mwanzo, zile ambazo watu wengi huzipita haraka ili wafike kwenye hitimisho wanalolitaka.

Chukua hoja ya al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu wa Tus, Uajemi, aliyefariki mwaka 1111. Hakusema kila kitu kina muumba. Alisema kila kilichoanza kuwepo kina kilichokisababisha. Ulimwengu ulianza kuwepo. Kwa hiyo ulimwengu una chanzo. Ukiisoma hivyo, swali la "Mungu kaumbwa na nani" halimgusi, kwa sababu Mungu anayemzungumzia hakuanza. Nawaomba wasioamini waliache swali hilo linapokuja toleo hili. Nawaomba na waumini waliache lile toleo bovu linalolialika.

Lakini je, sentensi zake mbili zinasimama? Hapa waumini wenyewe hawakukubaliana. Ibn Rushd wa Córdoba, Hispania, kadhi na Mwislamu, aliandika kitabu kizima kumjibu al-Ghazali na kuwatetea wanafalsafa waliofuata njia ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Thomas Aquinas, mwalimu mkubwa wa Kanisa Katoliki katika karne ya 13, alishikilia kwamba akili haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Yeye aliuamini mwanzo huo kwa imani, na hoja zake za kuwepo kwa Mungu akazijenga bila kuutegemea. Anayesema "sayansi imeshathibitisha uumbaji" amkumbuke pia Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, mmoja wa waliotuletea nadharia ya ulimwengu unaotanuka. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipozungumza kana kwamba sayansi hiyo inamshuhudia Muumba, Lemaître hakufurahia. Alitaka nadharia yake ibaki nje ya suala la dini. Padri huyo namheshimu sana.

Sentensi ya kwanza nayo, kwamba hakuna kinachoanza bila sababu, David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, aliitilia shaka katika karne ya 18: unaweza kufikiria kitu kikianza bila sababu na usijipinge popote. Mimi siamini kwamba mambo huenda hivyo, ila siwezi kumwambia Hume kwamba amevunja kanuni ya mantiki. Na hata tukizikubali zote mbili, tumepata chanzo tu. Kwamba chanzo hicho kinasikia dua ya mjane ni safari nyingine kabisa.

Kuna wanaoleta hoja ya mababu: Waafrika wote tangu zamani walimjua Mungu. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, aliandika mwaka 1969 akieleza imani hiyo katika jamii nyingi za bara hili, na Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, akawapinga yeye na wenzake, akisema wameivalisha miungu ya Kiafrika kanzu za Kigiriki, yaani wameieleza kwa dhana za falsafa ya Kigiriki. Lakini hata Mbiti akiwa sahihi, wingi wa waaminio hauthibitishi kinachoaminiwa.

Sasa upande wa pili. "Hakuna ushahidi, kwa hiyo hayupo." Nakubali kwamba anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alilieleza hilo vizuri. Ila "sijashawishika" si sawa na "hayupo". La pili ni dai, na lina mzigo wake. Ukiniambia kuna tembo sebuleni nami nikaingia nisimwone, inatosha. Ukiniambia kuna siafu mmoja katika ekari kumi za mahindi, kutomwona hakuniambii chochote. Asiyeamini atueleze kwanza: Mungu angekuwepo, tungetarajia kuona nini?

Jibu lao bora ni hili: tungetarajia mateso machache zaidi. Hoja hii inaninyima usingizi. Mwanafalsafa asiyeamini, J. L. Mackie, mwaka 1955 alidai kwamba Mungu mwema mwenye uwezo wote na uovu haviwezi kuwepo pamoja. Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mkristo, akajibu kwamba hakuna mgongano wa lazima, kwani huenda viumbe wenye hiari ya kweli hawawezi kupewa hiari hiyo bila uwezekano wa kutenda uovu. Nadhani hapo Plantinga alishinda. Lakini mwaka 1979 mwanafalsafa William Rowe akaubadilisha mchezo: hakudai mgongano, alidai kwamba mateso mengi yasiyo na faida yoyote tunayoiona yanafanya kuwepo kwa Mungu huyo kusiwe jambo linaloelekea kuwa kweli. Hiari ya binadamu haielezi tetemeko la ardhi la Lisbon, Ureno, la tarehe 1 Novemba 1755, lililoangusha makanisa yakiwa na waumini ndani, siku ya Watakatifu Wote.

Waumini tunajibu kwamba hatuijui mipango yote ya Mungu. Sawa, lakini jibu hilo lina gharama. Kama akili zetu ni ndogo mno kuamua kwamba mateso haya hayana sababu njema, tunawezaje kutumia akili hizo hizo kuamua kwamba uzuri wa maua na mpangilio wa nyota ni ishara ya wema wake?

Mimi bado naamini, kwa sababu kuwepo kwa chochote badala ya kutokuwepo kitu, na uzito wa dhamiri ndani ya mtu, kwangu vinaelemea upande wa Mungu. Huko ni kupima. Sijathibitisha, na simwiti mpumbavu aliyepima akapata jibu tofauti.

Muumini, nionyeshe jinsi ya kukwepa gharama hiyo. Asiyeamini, nieleze kwa nini kutoiona sababu ya mateso ni kama kutomwona tembo na si kama kutomwona siafu.