Kubobea tiba shufaa: Cape Town, Kampala, Kerala, Uingereza au MMed kwanza? Nipo Dodoma, naombeni ulinganisho

Dkt_Nala

Mbukwenyi wakuu. Mimi ni daktari, MD, mwaka wa tano kazini, serikalini, hapa hapa Dodoma. Nimeamua nataka kwenda kusomea tiba shufaa, yaani kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa wa ugonjwa mzito hata kama haponi, na najua wengi mtauliza mbona usiende upasuaji au magonjwa ya kina mama, kwa hiyo nianze na kilichonifikisha hapa.

Mwaka juzi nilikuwa na mgonjwa, mama mmoja wa Bahi, saratani ya shingo ya kizazi, alishapigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, akarudishwa nyumbani. Akaja kulazwa kwetu. Kidonda kilikuwa kinanuka kiasi kwamba mgonjwa wa kitanda cha pembeni aliomba kuhamishwa, na binti yake alikuwa anamwagia marashi kwenye shuka kila asubuhi kabla ya roundi ili sisi madaktari tusikunje sura. Mimi nikaandika antibayotiki ya sindano, nikaandika tramado, nikapita. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, akasubiri roundi iishe, akachukua vidonge vya metronidazo akavisaga kwenye karatasi mpaka vikawa unga, akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akanyunyiza ule unga juu yake. Siku ya tatu harufu imekata. Yule mama akaomba aletewe mjukuu wake kitandani, siku zote alikuwa anakataa asimkaribie. Miaka mitano ya chuo na intaniship juu, hicho kitu sikuwa nakijua, muuguzi alikipata kwenye kozi ya wiki moja.

Sasa nimezungukazunguka nimepata njia hizi. Diploma ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Cape Town, hii wameanza 2001, sehemu kubwa unasoma ukiwa kazini kwako na ukitaka unaendelea na masta. Kampala, kile chuo cha Hospice Africa Uganda. Kerala kule India, kozi ya wiki sita. Uingereza, ama Cardiff kwa masafa ama uende mzima mzima ukawe bingwa wa kule. Na ya mwisho nisome MMed, yaani shahada ya ubingwa, ya magonjwa ya ndani kwanza halafu ndio nibobee. Nina mke na watoto wawili, mwajiri ni serikali, hela ya mfukoni sio nyingi. Nipeni uzoefu wenu bila kunificha.

Mjukuu_wa_Kondoa

Hongera sana mkuu. Mimi niko Uingereza mwaka wa nne, nikueleze ya huku kwa sababu watu wanayaona mepesi. Tiba shufaa huku ni ubingwa kamili tangu 1987, ndio nchi ya kwanza, na hospisi, yaani kituo cha kutunza wagonjwa wasiopona, ya St Christopher's ya Dkt Cicely Saunders ilifunguliwa London 1967, kwa hiyo wana mizizi mirefu. Lakini njia yenyewe: upasi PLAB, mtihani wa madaktari waliosoma nje, usajiliwe, upate nafasi ya mafunzo ya awali ya magonjwa ya ndani miaka mitatu, halafu ndio ugombanie nafasi ya tiba shufaa, miaka minne mingine, na tangu 2022 wameiunganisha na magonjwa ya ndani ya jumla maana yake zamu za mapokezi ya dharura zinakufuata mpaka mwisho. Hesabu mwenyewe, ni miaka saba ukibahatika kila hatua na mimi sijaona mtu aliyebahatika kila hatua.

Kuna njia ya MTI, unakuja kwa miaka miwili tu unafanya kazi hospitali unajifunza unarudi, hiyo ndiyo ningekushauri kama unataka kuonja huku.

Kitu kimoja ambacho kinanisumbua, niseme ukweli. Nilivyokaa hospisi ya huku nilijifunza kutumia pampu ndogo ya sindano inayoingiza dawa chini ya ngozi saa 24, mgonjwa akishindwa kumeza unamfungia. Nzuri mno. Nikawa najiuliza, hii Kondoa nitaipata wapi, betri zake nani ananunua. Nusu ya ninachojifunza kimejengwa juu ya vitu ambavyo sina uhakika nitavikuta nyumbani.

Physician_Iringa_Road

Mdogo wangu mimi nitasema lisilopendeza. Soma MMed kwanza. UDOM hapo mlangoni kwako, Muhimbili, KCMC, Bugando, miaka mitatu unatoka bingwa na hakuna anayekuuliza wewe nani. Diploma ya uzamili hata iwe ya Cape Town, nenda kaulize Baraza la Madaktari na ofisi ya utumishi ya mwajiri wako kabla hujalipa ada watakutambua kwa cheo gani. Nina rafiki yangu alisoma kozi nzuri tu nje, akarudi, kwenye hospitali aliyokuwepo wakamrudisha mapokezi ya wagonjwa wa nje kana kwamba hakwenda kokote. Ukiwa bingwa wa magonjwa ya ndani ukasema wodi hii naweka vitanda vinne vya tiba shufaa, mganga mfawidhi anakusikiliza.

Hata Marekani ndivyo ilivyo, huwezi kuingia tiba shufaa moja kwa moja, unamaliza kwanza ubingwa wa msingi halafu ndio unafanya mwaka mmoja wa kubobea, wameitambua rasmi 2006.

Kibaigwa_Sokoni

Kwa heshima zote kaka hapo juu, miaka mitatu ya MMed tiba shufaa atafundishwa masaa mangapi?

Mimi ni ofisa tabibu sio daktari, nilikwenda Kampala kozi ya wiki chache ile ya watu wanaotaka kuanzisha huduma kwao. Hospice Africa Uganda ilianzishwa 1993 na Dkt Anne Merriman, na kitu chao kikubwa ni mofini ya kunywa, dawa ya maumivu makali, unga unachanganywa na maji. Wanaitia rangi, ya kijani ndio nyepesi, nyekundu nzito, ya bluu nzito zaidi, kwa hiyo hata bibi asiyejua kusoma anajua chupa yake ni ya kijani, akipewa ya rangi nyingine anauliza. Nilivyoiona ile nikasema hawa watu wamekaa na wagonjwa kweli. Na toka 2004 sheria yao inaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini wenyewe, huko vijijini daktari yuko wapi.

Asubuhi mnapanda gari mnakwenda majumbani. Unakaa kwenye mkeka au kwenye kigoda, mkufunzi hakufundishi kwa slaidi, anakwambia mwulize wewe. Mara ya kwanza niliuliza "unaumwa wapi" nikaandika. Mkufunzi akaniambia mwulize jana usiku ulilalaje, na kitu gani kinakutia hofu zaidi. Yule baba akasema anaogopa watoto wake watauza shamba kulipa hospitali wakati yeye anajua haponi. Maumivu yake makubwa yalikuwa hapo.

Nilichokiona ni kwamba pale wanaosoma wengi ni wauguzi na matabibu, kuna shahada inayotolewa pamoja na Makerere. Kwa daktari anayetafuta jina la ubingwa itabidi uangalie masta yao. Ila kwa mikono na macho sijaona pengine.

Bwana_Dawa

Mimi mfamasia. Wote mnaongelea daktari asome wapi, mofini je? Kwa miaka mingi mofini ya maji hapa nchini imekuwa ikitengenezwa Ocean Road, hospitali za mikoani zinafuata huko. Dawa yenyewe rahisi na wala sio ghali, shida ni makaratasi na woga. Iko kwenye kabati la DDA, la dawa zinazodhibitiwa kisheria, kufuli mbili, kitabu cha kujaza kila mililita, na daktari akiogopa kuiandika mimi siwezi kuagiza kwa sababu matumizi ya robo iliyopita yanaonyesha sifuri. Kwa hiyo haipo kwa sababu haiandikwi, na haiandikwi kwa sababu haipo. Nimekaa hospitali moja ya wilaya tulikuwa na chupa mpaka zikaisha muda wake kabatini na wodini kuna mtu analia usiku kucha. Bado inaniuma.

Kwa hiyo Dkt_Nala popote utakapokwenda hakikisha unatoka unajua dozi kila masaa manne, ya kulalia unaizidisha mara mbili ili mtu asiamke saa nane usiku, na dawa ya kulainisha choo unaianza siku hiyo hiyo sio mpaka afunge choo wiki. Uganda nasikia wanatumia hata mbegu za papai zilizokaushwa wakasaga. Na usome kufundisha wenzio kwamba mgonjwa wa saratani mwenye maumivu akipewa mofini kwa utaratibu hageuki teja, hiyo hofu ndiyo adui kuliko hata upungufu.

Zabibu_za_Hombolo

Kerala nimefika mimi. Kozi ya wiki sita, unalala hapo hapo, asubuhi darasa mchana majumbani. Pale Calicut walianza 1993 kwenye chumba kimoja cha hospitali ya chuo, sasa hivi kila mtaa una kikundi chake cha kujitolea, mwalimu mstaafu, dereva wa bajaji, wanafunzi, ndio wanaojua nani anaumwa na nani hana chakula. Daktari anakuja nyuma yao. Kama ni ubingwa wenyewe India wanao, Tata Memorial Mumbai wameanza MD ya tiba shufaa 2012, lakini wiki sita za Kerala kwangu zilitosha kunibadilisha. Nauli na viza ndio zinauma. Chakula utazoea.

MamaWodi

Mwanangu Dkt_Nala, nimesoma habari ya huyo muuguzi na metronidazo nikatoa machozi, maana hayo tunayafanya miaka mingi na hakuna daktari anayeuliza umefanya nini.

Nikuulize swali moja. Ukienda wewe ukasoma, ukarudi, saa nane usiku mgonjwa akiumia nani yuko wodini? Mimi nilishafanya kazi na daktari mzuri aliyesomea haya mambo, akahamishwa mkoa mwingine, ndani ya mwezi mmoja tukarudi kwenye diklofenaki, dawa ya maumivu ya kawaida tu. Hakuondoka na elimu kwa ubaya, ila alikuwa nayo peke yake. Kama kuna kozi mnaweza kwenda wawili, wewe na muuguzi wako, nenda hiyo hata kama cheti chake ni kidogo.

Dkt_Nala

Shikamoo mama. Sikuwa nimewaza hivyo kabisa, nilikuwa nahesabu miaka na ada tu.

Kaka Physician nimekusikia pia na hilo la kutambuliwa nitakwenda kuuliza wiki hii hii, nisidanganye, linanigusa. Lakini wa Cape Town hakuna aliyepita?

Selian_Zamani

Nipo mimi, Arusha. Kabla ya Cape Town nilipikwa Selian, pale hospisi wamekuwa wakitembelea wagonjwa majumbani muda mrefu na wanashirikiana na watu wa kujitolea wa sharika, kwa hiyo usiruke ya nyumbani ukakimbilia ndege. Nenda Selian, nenda Ocean Road, kaa nao wiki mbili tatu kwanza.

Cape Town uzuri wake ni kwamba kazi zao unazifanyia kwa wagonjwa wako mwenyewe. Unaandika kisa cha mgonjwa, umemsikilizaje, umempa nini, ulikosea wapi, wanakurudishia na maswali. Kisa changu cha kwanza kilirudi na swali moja: "Ulimwambia mgonjwa ugonjwa wake, au uliwaambia ndugu?" Niliwaambia ndugu koridoni kama tunavyofanya wote. Ikabidi nirudi kwa yule mzee. Akaniambia nilishajua dokta, nilikuwa nasubiri mtu wa kuongea naye. Cardiff nao wana mfumo wa masafa tangu 1989 na ni wazuri, lakini Cape Town wanaijua Afrika, Ukimwi, umaskini, hospitali bila dawa, hawakushangai.

Ugumu: intaneti, kusoma usiku baada ya zamu, na mwajiri kukupa ruhusa ya siku unazotakiwa kuhudhuria. Na ada ni kwa randi, shilingi ikiyumba na wewe unayumba. Ukimwomba mganga mfawidhi mwambie huondoki kituoni, hiyo inasaidia kuliko barua yoyote.

Physician_Iringa_Road

Mmenibadilisha nusu. Bado nasema MMed aiweke kwenye mipango, lakini sawa, aanze na hii huku anafanya kazi. Na akija kuomba MMed aje na hoja yake ya utafiti kabisa kuhusu maumivu, tutampokea. Shirika la Afya Duniani wanasema watu milioni 56.8 kila mwaka wanahitaji hii huduma na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu, na mimi nikijiangalia wodini kwangu, hao ambao hawapati nawaona kwa macho kila siku.

Dkt_Nala

Basi nimepanga hivi, mnisahihishe. Mwaka huu Selian wiki mbili, naenda na muuguzi wangu, nimeshaongea naye amekubali, na kama tukipata wa kutushika mkono twende Kampala wote wawili. Mwakani naomba diploma ya Cape Town. MMed baadaye. Bwana_Dawa nitakutafuta inboksi unielekeze namna ya kujaza makisio ya mofini yasisome sifuri tena.

Chamwino_Ikulu_Jirani

Samahanini madaktari mimi sio wa fani, nimepita tu nikasoma. Baba mkubwa yuko Buigiri, ana saratani ya tezi dume, alishatibiwa, sasa mgongo unamuuma usiku halali kabisa, tunampa Panadol. Tangu juzi anasema miguu mizito kama ya mtu mwingine. Tunapanga kumleta mjini wiki ijayo baada ya kuuza mbuzi. Dkt_Nala naomba ushauri.

Dkt_Nala

Ndugu yangu msisubiri wiki ijayo wala mbuzi. Mgongo pamoja na miguu kulegea kwa mtu wa tezi dume inaweza kuwa ugonjwa umebana uti wa mgongo, na hiyo ni dharura, ikiachwa siku chache anaweza asitembee tena. Mleteni leo, mapokezi ya dharura, hospitali ya rufaa. Mlazeni chali kwenye gari asikalishwe, mgongo usikunjwe. Niandikie inboksi sasa hivi kama bado anaweza kusimama na kama mkojo unatoka, na njooni na vyeti vyake vyote na dawa zote anazokunywa, hata za mitishamba. Anayelala naye usiku aje pia.