Kumbukizi ya Maji Maji: tuwataje walionyongwa tu, au na walioshika bunduki?

Mwana wa Lizaboni
Ndugu zangu, kila tarehe 27 Februari tunakusanyika kwenye makumbusho ya Songea kuwakumbuka mababu walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, katika Vita ya Maji Maji. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama papo hapo akaomba radhi kwa waliyotenda Wajerumani, akaahidi pia kusaidia kulitafuta fuvu la Songea Mbano, nduna (mkuu wa vita) wa Wangoni, linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Ni jambo jema. Lakini simulizi yetu sasa ina watu wawili tu, Mjerumani mwenye dhambi na Mngoni aliyeonewa, na mtoto wa shule anayepita mbele ya sanamu za manduna huondoka bila kusikia lolote juu ya waliokufa kwa njaa, wala juu ya askari weusi wa Wajerumani na rugaruga, yaani wapiganaji wasaidizi wao, baadhi yao kutoka Iringa, waliotuchomea vihenge. Je, makumbusho yayaseme hayo? Na ayaseme nani?

Mtani wa Kalenga
Nilikuwa nasoma kwa utulivu mpaka nikakutana na neno Iringa. Watani zangu, sisi Wahehe tulipomuua Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo mwaka 1891 ninyi mlikuwa wapi? Mtwa wetu Mkwawa alipigana hadi alipojipiga risasi mwaka 1898, wala sikumbuki kusikia kwamba Mngoni alituletea hata kibuyu cha maji. Tena fuvu lake lilirudi kwetu Kalenga mwaka 1954, likaletwa na Gavana Twining wa Mwingereza mwenyewe. Lenu mlilipoteza wapi?

Mjukuu wa Nduna
Utani una mahali pake, na fuvu la babu yangu si mahali pake. Kwa kuwa umejigamba, basi nikukumbushe kwamba hilo la Kalenga Twining alilichagua kati ya mafuvu mengi kwenye makumbusho ya Bremen, kwa kulinganisha vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa na kwa kuona tundu linalofanana na la risasi, na hadi leo wapo wanahistoria wanaolitilia shaka. Mimi sitaki kuletewa fuvu la kukisia. Septemba 2023 watu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba wamechunguza mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki na kwamba vinasaba vimewapatia jamaa wa mafuvu matatu. La babu halikuwamo. Sisi tunangoja, wewe unacheka.

Mtani wa Kalenga
Kwa hilo la babu nisamehe, mtani, nimevuka mpaka. Lakini la Kalenga usiliguse. Wazee walilipokea, wakalililia, na tangu siku hiyo ni la Mkwawa. Tukianza kudai vinasaba vya kila aliyezikwa, nchi hii itabaki na makaburi mangapi?

Wa Kipatimu
Mnagombea mafuvu kana kwamba vita ilianzia kwenye boma lenu. Ilianza Julai 1905 huku Umatumbini, Nandete, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, Wangoni wakiwa hawajaingia vitani. Nandete tuna mnara, lakini rais wa Ujerumani hakupelekwa Nandete, alipelekwa Songea yenye lami na hoteli. Nasema wazi kwamba linaniuma.

Kuhusu hesabu, Wajerumani walikiri vifo 75,000, na watafiti wa baadaye wamefika 250,000 hadi 300,000. Waliopanda kitanzi Songea ni 67. Hao wengine wengi waliuawa na njaa, kwa sababu Gavana von Götzen alipoona hatupatikani porini, vikosi vyake vilichoma vijiji, chakula na mashamba. Bibi yangu, aliyezaliwa miaka mingi baada ya vita, alikuwa akimaliza kutwanga anakilaza kinu, anaingiza mkono mpaka kwenye kwapa, anatoa chenga moja moja na kuziweka kwenye kikombe cha bati. Tukimcheka husema kwamba mama yake alifundishwa hivyo na watu waliokula ming'oko, viazi vya porini, mpaka ming'oko ikaisha. Sanamu ya huyo aliyekula ming'oko iko wapi?

Mwalimu Mstaafu
Naomba kuweka sawa jambo dogo: kati ya hao 67, walio katika kaburi la halaiki ni 66, na mwili wa Songea Mbano umezikwa peke yake. Nikiwa hapo hapo, niseme pia kwamba Wangoni nao walikuja katika karne ya 19 kutoka kusini, wakawatiisha Wandendeuli na wengine waliowakuta, na wengi wa watu hao wakawa watwana, yaani watumwa. Tukitaka kusema machungu yote, tuanzie hapo.

Mjukuu wa Nduna
Nilijua tu kwamba tutafikishwa hapa. Mtu aliyenyongwa anageuzwa mshitakiwa kaburini mwake! Mwalimu, umetumwa na nani? Mjerumani hakumnyonga babu kwa ajili ya kuwatetea Wandendeuli.

Mwalimu Mstaafu
Sijatumwa na mtu. Mama yangu ni Mndendeuli, baba ni Mngoni, na hadithi zote mbili nilizisikia kwenye jiko moja.

Mwana wa Lizaboni
Tusifukuzane. Nilichokiona leo ni kwamba kikombe cha bati cha bibi wa Kipatimu hakipo makumbusho yoyote, na jiko la Mwalimu pia halipo. Pengine swali langu nililiuliza vibaya. Badala ya kumtafuta wa kutusimulia, wahusika wa makumbusho waende Nandete, Liwale na Namtumbo na kinasa sauti, wakae na wazee wiki nzima, warekodi Kimatumbi kwa Kimatumbi na Kingindo kwa Kingindo, halafu wakirudi waulize familia za manduna kama ziko tayari kuyasikia hayo ndani ya ukumbi ule ule.

Mjukuu wa Nduna
Njaa, ndiyo, na iwekewe ukumbi. Hilo la watwana mimi siwezi kuwajibu kwa niaba ya ukoo, litapelekwa kwenye kikao. Ila naona mtani wetu amenyamaza. Tumejadili Bremen, Nandete na jiko la Mwalimu, lakini rugaruga waliotoka Iringa hajawasemea hata neno moja.

Mtani wa Kalenga
Sijanyamaza, nilikuwa nampigia simu baba mkubwa. Nimemuuliza kama kuna mzee wetu aliyekwenda Ungoni na Wajerumani mwaka 1905. Akanisimulia Lugalo mwanzo hadi mwisho. Nikamuuliza tena. Akasema salio linakatika, ingawa aliyepiga ni mimi.