Chipu au orkestra: muziki wa gemu ukipelekwa ukumbini unapanda hadhi au unaharibika?

Mtegasikio

Wakuu, habari za leo. Naleta hoja ambayo najua itawakera baadhi yenu.

Tarehe 1 Agosti 2022 Royal Philharmonic Orchestra ilipiga muziki wa gemu ndani ya Royal Albert Hall, London. Ilikuwa mara ya kwanza kwa tamasha za BBC Proms kuutengea muziki huo usiku wake. Tangu hapo wimbo ni mmoja: muziki wa gemu sasa umekubalika. Kwangu mimi zimekubalika nguo ulizovishwa.

Chukueni Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo ya 1983. Chipu yake ya sauti ina chaneli tano, yaani sauti tano zinazoweza kulia pamoja: mbili za wimbi la mraba, moja ya pembetatu, moja ya mchakacho unaotumika kama ngoma, na moja ya sampuli hafifu, yaani vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Ile ya pembetatu haina kidhibiti cha sauti. Inalia au inanyamaza, basi. Ndiyo maana besi za gemu hizo zinadunda kwa noti fupi zenye mapengo. Mtunzi hakuwa na namna ya kuifanya noti ififie. Kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, nazo ni kiini macho: chaneli moja inabadilisha noti karibu kila fremu, na fremu, yaani picha za skrini, ni 60 kwa sekunde, sikio ndilo linaloziunganisha. Mpe mpiga fidla kazi hiyo uone. Mpangaji wa muziki huzigeuza kuwa kodi ya kawaida iliyolala, na ule mtetemo umekwenda na maji.

Kwa hiyo orkestra ipige, sina ugomvi. Ila iitwe tafsiri.

Bi Noti

Kaka Mtegasikio, tafsiri ya nini hasa? Kabla ya kulilia asili, tuoneshe asili iko wapi.

Mfano: gemu ya Castlevania III. Kaseti ya Japani ya 1989 ilikuwa na chipu ya ziada ya kampuni ya Konami, VRC6, inayoongeza chaneli tatu: mbili za mraba na moja ya wimbi la msumeno. Mashine iliyouzwa Marekani haikuweza kupokea sauti kutoka kwenye kaseti kwa njia ile, hivyo muziki ukapunguzwa urudi kwenye chaneli tano. Zote mbili ni chipu, zote zilitoka kiwandani. Ya asili ni ipi?

Nenda Ulaya. Televisheni za kule zilikwenda kwa fremu 50, na gemu ambazo hazikurekebishwa zilipunguza mwendo pamoja na muziki wake. Wimbo wa mapigo 150 kwa dakika unakuwa wa 125. Kuna watu wamekua na 125 masikioni na wataapa kwamba ndiyo yenyewe. Kompyuta za DOS ndiyo usiseme: gemu ile ile ilitoa muziki mmoja kwenye kifaa cha sauti cha Roland MT-32, mwingine kwenye kadi ya sauti ya AdLib, na vilio vya kifaranga kwenye spika ya ndani.

Halafu tusidanganyane kwamba ukumbi ni jambo la juzi. Koichi Sugiyama alipeleka muziki wa Dragon Quest kwa orkestra Tokyo mwaka 1987, mwaka mmoja tu baada ya gemu ya kwanza kutoka. Huyo ni mtunzi mwenyewe, hakuingiliwa na mtu.

FundiAmpi

Mnaruka Super Nintendo, mashine iliyofuata Famicom, na ndiko mjadala unakonoga.

Mashine hiyo ina chaneli nane na kumbukumbu ya sauti ya kilobaiti 64. Humo ndani lazima vikae sampuli za ala zote, noti zenyewe na programu ya kuzipiga. Piga hesabu: sampuli ghafi za biti 16 kwa mwendo wa hertz 32,000, yaani vipimo 32,000 vya sauti kila sekunde, hula kilobaiti 64 kwa sekunde moja hivi. Zikibanwa kwa namna ya mashine hiyo, ambapo vipimo 16 hukaa kwenye baiti 9, unapata kama sekunde tatu na nusu. Hapo hujaweka hata noti moja. Na mwangwi unakula humo humo: kila hatua ya milisekunde 16 ni kilobaiti 2, hivyo mwangwi mrefu kabisa wa milisekunde 240 unachukua kilobaiti 30. Mtunzi alichagua: ukumbi mkubwa wenye mwangwi, au tarumbeta inayosikika kama tarumbeta. Ukisikia wimbo wa pango wenye mwangwi mzito na ala chache zenye sauti butu, hapo unasikia uamuzi huo.

Sasa kosa la wasikilizaji. Chipu hiyo hulainisha sampuli kwa njia yake, inayopunguza makali ya sauti za juu. Emuleta nyingi, yaani programu za kuiga mashine hiyo kwenye kompyuta, zina mpangilio wa kubadili ulainishaji huo, na watu wanaweka ule mkali kwa sababu unasikika "safi". Mtunzi hakuwahi kuusikia usafi huo. Sampuli nyingi zilipimwa zikiwa zimeshalainishwa, ndiyo maana ukizinoa unasikia mikwaruzo kwenye matoazi. Acha mpangilio wa Gaussian, ndio ulainishaji wa chipu yenyewe. Na ukitaka kusikiliza bila gemu, tafuta faili za SPC. Hizo si rekodi: ni picha ya kumbukumbu yote ya sauti kwa wakati mmoja, kama kilobaiti 66 kila moja, na programu ya VLC huzicheza.

Kaptula

Hesabu zote hizo na mtu anasikiliza kwa spika ya simu 😂

FundiAmpi

Mkuu Kaptula, umetania lakini umegusa penyewe. Wimbi la pembetatu lina sauti za juu dhaifu mno, karibu nguvu yake yote iko kwenye noti ya chini. Spika ya simu haifiki chini huko, kwa hiyo besi ya Famicom inapotea kabisa na unabaki na mraba miwili inayolia kama nyuki. Fidla besi za orkestra zina sauti nyingi za juu, ndiyo maana kwenye simu hiyo hiyo zinasikika. Nusu ya wanaosema chipu haina besi wanapaswa kubadilisha hedifoni kwanza.

Mla Kaseti

Mnahangaika na Tokyo na London, na wimbo uliovunja mlango umeimbwa kwa Kiswahili. Baba Yetu ya Christopher Tin, ya kufungulia Civilization IV mwaka 2005, ndiyo muziki wa kwanza wa gemu kupata Grammy, Februari 2011.

Ila tazameni ilivyoshinda. Kwenye gemu waliimba Talisman, kikundi cha wanafunzi wa Stanford. Lililoshinda ni toleo la albamu ya 2009, lenye Soweto Gospel Choir na Royal Philharmonic hao hao, tena katika kundi la upangaji wa ala za kusindikiza uimbaji. Gemu yenyewe haikuhukumiwa. Grammy ilitoa tuzo maalumu ya muziki wa gemu kwa mara ya kwanza Februari 2023, akaichukua Stephanie Economou. Kwa hiyo Mtegasikio ana hoja: kwa miaka mingi njia ya heshima ilipitia orkestra.

Nyongeza, kwa wenye lugha. Sala ni ile ile ya kanisani, lakini mkato wa muziki umeangukia pabaya: "yetu uliye", pumzi, kisha "mbinguni yetu". Kwetu "uliye" haliachwi likining'inia hivyo; linadai mahali papo hapo. Ala themanini haziwezi kurekebisha hilo.

Mtegasikio

Ahsante Mla Kaseti. Dada Noti, nakubali kwamba chipu ni nyingi. Lakini hukugusa jambo ambalo ukumbi hauliwezi kabisa: gemu hujibu mchezaji. Super Mario World ya 1990, ukimpanda Yoshi ngoma zinaingia juu ya wimbo ule ule, ukishuka zinatoka. Monkey Island 2 ya 1991 ilikuwa na mfumo wa iMUSE, ambao huvuka kutoka sehemu moja ya muziki hadi nyingine kwa noti za kuunganisha, kufuatana na unakoingia. Ukumbini kondakta anachagua njia moja na nyingine zinakufa.

Bi Noti

Zinakufa hata kwenye albamu yako ya chipu! Rekodi ni njia moja tu vilevile. Tena msidhani filamu zimepona: albamu ya Jaws ya 1975 si rekodi iliyosikika kwenye filamu, mtunzi John Williams aliirekodi upya kwa ajili ya santuri. Hakuna aliyeandamana.

FundiAmpi

Kwa wanaojitengenezea rekodi, maana hapo ndipo wengi wanaharibu: muziki wa gemu hauna mwisho, unazunguka. Desturi ni kuuacha uzunguke mara mbili kisha kuufifisha kwa sekunde 10. Ukitaka mzunguko usiokatika, usitumie MP3. Hukata sauti katika vipande vya vipimo 1,152 na kujaza ukimya mwanzoni na mwishoni, hivyo kila wimbo ukirudi unasikia shimo dogo. Tumia faili za FLAC, au Ogg kama nafasi ni finyu. Na tunza faili la SPC pembeni.

Bi Noti

Mtegasikio, turudi kwenye besi yako inayodunda. Mpangaji anayejua kazi hawapi fidla besi upinde hapo. Anawaambia wadonoe nyuzi kwa vidole: noti fupi, mapengo yale yale. Unachokilalamikia ni wapangaji wavivu.

Mtegasikio

Pembetatu umenishinda, dada. Sasa niandikie zile noti 60 kwa sekunde.

Bi Noti

Marimba mbili zikipokezana. Hazitafika 60, lakini nipe muda.